Theluji Isiyo na Kiingilio

Anayetaka kujifunza skii za nyika huanza kwa kuuliza ni mlima upi mrefu kuliko yote. Hilo ni swali la watu wa kuteremka. Wao huvutwa na mitambo ya umeme hadi kileleni, wakashuka kwa kishindo, wakavutwa tena, na kila siku inayopita inahitaji tiketi mpya. Skii za nyika ni safari ya miguu. Unapanda kwa nguvu zako, unateleza tambarare kwa nguvu zako, na mteremko ukifika unapumzika. Mlima unaofaa, basi, ni ule uliokatwa kichwa: nchi ya juu iliyotandaa, yenye vilima vya mviringo, maziwa yaliyoganda na misitu ambayo miti yake imeachiana nafasi. Vilele vyenye ncha tuwaachie wapiga picha.

Nyanda za namna hiyo zipo sehemu kadhaa za Ulaya. Uswisi ina bonde la Engadin, Italia ina Seiser Alm, Ufaransa na Uswisi zinagawana milima ya Jura. Zote ni nzuri, na baadhi zina bei ya kumfanya mtu arudi nyumbani kabla hajavua koti. Mimi nikilazimishwa kumwelekeza mahali pamoja mtu asiyewahi kuvaa skii, asiye na gari wala fedha za kuchezea, nitamtuma Norway ya ndani, kwenye nyanda za juu za pande mbili za bonde la Gudbrandsdalen, kuanzia mji wa Lillehammer kwenda kaskazini hadi milima ya Rondane.

Ramani yenyewe ni rahisi. Mto Lågen unashuka bondeni mpaka ziwa Mjøsa, kubwa kuliko maziwa yote ya Norway, na Lillehammer umekaa pale mto unapolikuta ziwa. Reli ya kutoka Oslo kwenda Trondheim inafuata bonde hilohilo, ikisimama Lillehammer, Ringebu, Vinstra, Otta na Dombås. Oslo hadi Lillehammer ni mwendo wa saa mbili hivi, na treni hupitia uwanja wa ndege wa Gardermoen, kwa hiyo mgeni anaweza kutoka kwenye ndege na mizigo yake akaingia behewani bila kuiona Oslo kabisa. Mji wenyewe uko kama mita 180 tu kutoka usawa wa bahari. Ukitazama juu kutoka stesheni utaona msitu umepanda kwa ukali, na hapo wengi hukata tamaa. Wasikate. Mpando huo ni kazi ya basi. Ukifika mita 800 hivi ardhi inatulia, inajilaza, na inabaki imelala kwa kilomita nyingi.

Kituo cha kwanza cha mwanafunzi ni Sjusjøen, mashariki ya Lillehammer. Si mji, ni mkusanyiko wa nyumba za mapumziko, hoteli chache, duka la vyakula, maduka ya kukodisha vifaa, na ziwa ambalo wakati wa baridi hugeuka uwanja mweupe. Jirani yake ni Nordseter, karibu zaidi na mji na yenye utulivu zaidi. Njia za Sjusjøen, Nordseter na Lillehammer zimeunganishwa, na ukizijumlisha zinapita kilomita 300. Usiku, watu wakiwa wamelala, mashine kubwa zenye minyororo badala ya magurudumu hupita zikisawazisha theluji na kuchonga mifuo miwili sambamba, kila upande wa njia. Asubuhi unatumbukiza skii zako ndani ya mifuo hiyo na nusu ya kazi imekwisha: skii haziwezi kwenda kushoto wala kulia, kilichobaki ni kwenda mbele. Katikati ya njia huachwa sehemu pana, bapa, kwa ajili ya wale wanaosukuma skii kwa upande, mtindo wa kasi ambao mwanafunzi hana haja nao mwaka wa kwanza.

Na hayo yote, sehemu kubwa, ni bure. Jambo hili liliwahi kunitatiza, kwa sababu mtu aliyezoea kulipia hata kivuli cha mwembe wa hoteli hutafuta kibanda cha tiketi. Hakipo. Sheria ya Norway ya mwaka 1957 kuhusu maisha ya nje inampa kila mtu, raia na mgeni, haki ya kutembea mashambani yasiyolimwa, na wakati wa baridi hata juu ya shamba lililolimwa, mradi ardhi imeganda au imefunikwa na theluji. Mwenye ardhi hawezi kumfukuza mpita njia mwenye adabu. Mashine za kuchonga njia zina gharama kubwa ya mafuta na madereva, na gharama hiyo hubebwa na halmashauri, wenye hoteli, wenye nyumba za mapumziko na vyama vya njia, ambavyo huweka mabango ya kuomba mchango kwa simu. Toa. Hakuna atakayekuuliza, ndiyo maana inafaa utoe. Mahali pachache panapotengeneza theluji kwa mashine mwanzoni mwa msimu hutoza ada, lakini ukienda theluji ya mbinguni ikishakuwa nyingi hutakutana nayo.

Njia mojawapo inayopita Sjusjøen ina umri wa karne nane, angalau katika kumbukumbu za watu wake. Mwanzoni mwa mwaka 1206 Norway ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kundi moja la wapiganaji liliitwa Birkebeiner, kwa sababu ya umaskini uliowafanya wafunge magome ya mti miguuni badala ya viatu, na mfalme wao wa awali alikuwa amefariki kabla mwanawe, Håkon, hajazaliwa, mtoto ambaye maadui walimtaka. Wanaume wawili, Torstein Skevla na Skjervald Skrukka, walimchukua mtoto huyo ambaye hajatimiza miaka miwili, wakavuka naye mlima kwa skii katikati ya dhoruba kutoka upande wa Lillehammer hadi bonde la Østerdalen, na kutoka huko akafikishwa salama Trondheim. Mtoto alikua, akatawala kuanzia 1217 hadi 1263, na wanahistoria wanamhesabu miongoni mwa wafalme wakubwa wa nchi hiyo. Mchoro wa Knud Bergslien wa mwaka 1869, unaoonyesha wanaume hao wawili na mtoto kifuani, Wanorwe wanaujua tangu shule ya msingi.

Tangu 1932 yako mashindano ya kukumbuka safari hiyo. Hukimbiwa mwezi wa Machi, kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, na kila mshindani lazima abebe mgongoni begi lenye uzito wa kilo tatu na nusu, badala ya mtoto. Begi hupimwa. Anayefika na begi pungufu amejisumbua bure. Maelfu hushiriki, wengi wao wahasibu, walimu na madereva ambao tangu Novemba wamekuwa wakifanya mazoezi gizani baada ya kazi. Mlima nao hauangalii ada waliyolipa: mwaka 2014 upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba mashindano yalifutwa. Msomaji asiingie humo. Lakini akiwa Sjusjøen anaweza kupanda ile njia ya mashindano siku ya kawaida, akaenda kipande kuelekea Midtfjellet, mahali ambapo miti inaisha na upeo unafunguka, kisha akageuka. Kurudi ni mteremko mpole karibu mwendo wote. Hiyo ni safari nzuri ya siku ya tatu au ya nne, si ya kwanza.

Njia hiyo ya mashindano inamalizikia katika uwanja wa skii wa Lillehammer, uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1994. Wakenya wana sababu ya kusimama hapo kidogo. Katika uwanja huo Mnorwe Bjørn Dæhlie alishinda dhahabu mbili, na katika huohuo alipata pigo ambalo wenyeji hawajalisahau: mbio za kupokezana za wanaume, umati mkubwa ukiwa umejaa msituni, Mwitalia Silvio Fauner alimpita mstarini kwa sehemu nne za kumi za sekunde. Miaka minne baadaye, Nagano, Japani, Dæhlie huyohuyo alishinda kilomita 10 kwa dakika 27 na nukta, halafu akakataa kuondoka. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya theluji, maofisa walikuwa wakisubiri kugawa medali, na yeye amesimama. Alikuwa anamngoja Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, ambaye alikuwa hajaiona theluji mpaka alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii. Boit alifika dakika 20 baada ya mshindi, wa mwisho kati ya 92 waliomaliza, na Dæhlie akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie, kisha akashiriki tena Olimpiki za 2002 na 2006.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha Mwafrika kwenye barafu, na simulizi hizo huniudhi. Wanaojua mchezo huu waliona kitu kingine. Skii za nyika zinataka mapafu kuliko michezo karibu yote, na mapafu Boit alikuwa nayo. Alichokosa ni utoto wa theluji, ile miaka kumi ya kuanguka ukiwa mdogo na karibu na ardhi. Mtu mzima anayeanza leo ana upungufu huohuo, na dawa yake ni kuchagua mahali ambapo kuanguka hakuna gharama. Hapo ndipo Sjusjøen inapoishinda hata Oslo, ambako njia nyingi za msituni zimejaa watu wanaokwenda kasi na zina miteremko yenye kona.

Tuje kwenye vifaa, maana wengi hupotelea hapo. Skii ya nyika ni nyembamba, upana wa vidole vitatu hivi, na ndefu kuliko anayeivaa. Kiatu kimefungwa ncha ya mbele tu, kisigino kiko huru kuinuka. Katikati, skii imepinda kwenda juu kama upinde. Ukisimama kwa miguu yote miwili sehemu hiyo ya kati haiigusi theluji sana, ndiyo maana unateleza. Ukihamishia uzito wote mguu mmoja na kukanyaga, inashuka, inashika, nawe unajisukuma. Mchezo mzima umo humo: uzito huku, uzito kule. Kijana wa duka la kukodisha atakuuliza kilo zako kabla hajauliza jina lako. Mwambie ukweli. Skii ngumu kupita uzito wako haitashika kamwe, na utapanda kilima ukirudi kinyumenyume.

Swali la pili ni hiyo sehemu ya kati itashika kwa kitu gani. Zamani jibu lilikuwa nta peke yake, na hadi leo Wanorwe wa rika fulani huzungumzia nta kwa uzito ambao watu wengine huuweka kwenye siasa. Nta ya kijani ni ya baridi kali, ya bluu ni ya baridi ya kawaida, ya zambarau ni ya karibu na sifuri, nyekundu ni ya theluji iliyoanza kulowa. Mbali na hizo kuna uji mzito wa kunata uliomo kwenye tyubu, wa theluji iliyoyeyuka ikaganda tena, ambao ukishagusa suruali suruali hiyo si yako tena. Sifuri yenyewe ndiyo adui: dakika hii theluji mpya inashikamana na skii kama donge, dakika inayofuata unateleza mahali ulipotaka kushika. Watu wazima wamegombana na wake zao juu ya sifuri. Mgeni asiingie kwenye ugomvi huo. Aombe skii zenye ukanda wa manyoya, uliobandikwa chini katikati, mara nyingi wa mbuzi wa Angora, manyoya yakiwa yamelala kuelekea nyuma. Ukisonga mbele yanalala, ukikanyaga yanasimama na kushika. Hazina kasi ya nta iliyopakwa na fundi, lakini zinafanya kazi kwenye baridi zote, na siku ya kwanza haipaswi kuwa somo la kemia. (Na kemia ipo kweli: tangu msimu wa 2023/24 shirikisho la kimataifa la skii limepiga marufuku nta zenye florini katika mashindano yake, kwa kuwa kemikali hizo zikiingia ardhini haziozi.)

Mavazi ni jambo la neno moja: sufu. Fulana ya sufu mwilini, sweta nyembamba, koti jepesi la kukinga upepo, glavu, kofia. Pamba ibaki hotelini. Ikilowa jasho haikauki, na ukisimama dakika tano upepo unaifanya barafu. Kosa la watu wa nchi za joto ni kuvaa kana kwamba wanakwenda kusimama. Baada ya kilomita moja wanatoa moshi. Ukitoka mlangoni ukihisi baridi kidogo, umevaa sawasawa.

Kuanguka kuna utaratibu wake. Ukiona mwendo umekushinda, keti kwa upande, usijaribu kusimamisha dunia kwa fimbo. Ukiwa chini, geuza skii ziwe sambamba na zikingame dhidi ya mteremko, piga magoti, ndipo uinuke. Kushuka kwa usalama unatoa skii nje ya mifuo, unakutanisha ncha za mbele na kutanua za nyuma, na kukandamiza kingo za ndani. Kupanda kukali ni kinyume chake: ncha za mbele zimetanuka, nyuma zimekaribiana, unaacha nyuma yako alama za mifupa ya samaki. Mwalimu wa saa moja na nusu atakufundisha haya matatu, na hiyo ndiyo pesa pekee ambayo nakusihi usibane.

Chakula cha njiani Wanorwe hubeba wenyewe: mikate iliyopakwa kitu, chungwa, chai kwenye chupa ya moto. Hapa kwenye bonde hili kitu chenyewe huwa ni jibini ya kahawia, tamu, yenye ladha ya maziwa yaliyochemka hadi sukari yake ikaungua. Aina yake maarufu ilibuniwa na mwanamke wa bonde hilohilo, Anne Hov, mwaka 1863, alipoongeza krimu kwenye maji ya jibini yaliyokuwa yakichemshwa sufuriani. Wengine huipenda papo hapo. Wengine, na mimi ni mmoja wao, huhitaji kuwa na njaa ya kilomita 15 kwanza.

Ukishatulia kwenye skii, vuka bonde kwenda upande wa magharibi. Huko ziko Skeikampen, Gålå na Fefor, juu ya miji midogo ya reli, na njia inayoziunganisha imepewa jina la Peer Gynt, yule mwongo mkubwa wa tamthilia ya Henrik Ibsen ya 1867, ambaye wenyeji wa Vinstra wanadai alikuwa mtu wao wa kweli. Nchi ya huku iko wazi zaidi, miti michache, na magharibi unaona milima mirefu ya Jotunheimen imepanga safu. Hoteli kadhaa zinaweza kukuhamishia mizigo kwa gari wakati wewe unakwenda kwa skii kutoka moja hadi nyingine, ukibeba begi dogo tu. Ni anasa, lakini ni anasa yenye akili.

Fefor ina hadithi inayostahili kusimuliwa hapo hapo hotelini. Machi 1910 Mwingereza Robert Scott alikuja kujaribu gari lake la kwenda kwenye theluji, lililokusudiwa kumfikisha Ncha ya Kusini. Fridtjof Nansen, aliyekuwa amevuka Greenland kwa skii mwaka 1888, alikuwepo, na alimjua Scott vya kutosha kuwa na wasiwasi juu ya ujuzi wa skii wa Waingereza. Alimkutanisha na kijana Tryggve Gran, Mnorwe hodari wa skii. Gari likaharibika majaribioni, na Gran akaondoka kwa skii na kipuri kilichovunjika kwenda kukitengenezesha, akarudi kwa wakati. Scott alimwajiri. Mshindani wa Scott, Roald Amundsen, aliyekuwa na mbwa na watu waliozaliwa na skii miguuni, alifika Nchani tarehe 14 Desemba 1911. Scott alifika baadaye na hakurudi. Gran alikuwa katika kundi lililokuta hema lenye miili.

Kaskazini zaidi, kwa anayeshukia Otta au Ringebu, kuna Rondane, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Norway, iliyotangazwa 1962. Vilele vyake kumi vinapita mita 2,000, na kulungu wa Aktiki wa porini wanaishi humo, ndiyo sababu baadhi ya maeneo yana masharti na mbwa lazima afungwe kamba. Hapa mambo yanabadilika. Mifuo ya mashine inapungua, na juu ya mstari wa miti unafuata vijiti vilivyochomekwa kwenye theluji kila baada ya hatua kadhaa ili uione njia hata ukungu ukishuka. Vijiti hivyo huwekwa na chama cha watalii wa milimani cha Norway, kilichoanzishwa 1868, chenye nyumba za kulala zaidi ya 500 nchi nzima. Rondvassbu, kando ya ziwa katikati ya Rondane, ina wahudumu na chakula cha jioni. Nyingine hazina mtu. Mwanachama hufungua kwa ufunguo wa chama, anawasha moto, anachota samaki wa kopo na unga wa uji kutoka stoo, anaandika alichokula na kulala, na analipa mwenyewe. Nimejaribu kuwaeleza jamaa zangu mpango huu nao wakacheka mpaka wakatoa machozi, lakini stoo zinaendelea kujazwa.

Rondane si mahali pa kwenda peke yako mwaka wa kwanza. Norway ilijifunza kwa uchungu: katika Pasaka ya 1967 watu 18 walifariki milimani, na ndipo Msalaba Mwekundu na chama cha watalii wakasambaza kanuni za milimani, ambazo kiwanda cha chokoleti kikazichapa ndani ya karatasi ya chokoleti inayobebwa na karibu kila mtu kwenye skii. Kanuni zenyewe ni za akili ya kawaida: panga safari na uiseme kwa mtu, sikiliza utabiri, beba ramani na nguo za dharura, okoa nguvu zako na utafute mahali pa kujikinga inapobidi. Inayokumbukwa zaidi ni ile inayosema kugeuka nyuma si aibu. Kwa sisi tuliokulia kwenye imani kwamba aliyetoka lazima afike, hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Msimu? Theluji huanza Novemba, lakini Desemba jua huzama saa tisa alasiri au baada yake kidogo, na Januari inaweza kuwa digrii 20 chini ya sifuri au zaidi. Nenda kati ya mwisho wa Februari na mwisho wa Machi. Mchana umerefuka, theluji ni nene, jua linachoma uso, na mafuta ya kujikinga na jua yanahitajika, hata na ngozi nyeusi, kwa sababu mwanga hupanda kutoka chini pia. Wiki ya Pasaka ni nzuri na ni ya hatari kwa mkoba: Wanorwe nusu nchi wako huko juu na machungwa yao na riwaya zao za upelelezi, na vyumba vimeshikwa tangu mwaka uliopita.

Kuna Waswahili ambao hawahitaji ndege kufika huko. Norway imepokea wakimbizi wengi wa Kongo kupitia shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, baadhi yao wakitokea kambi za Uganda, na familia hizo hugawiwa halmashauri mbalimbali nchini, zikiwemo za mabonde ya theluji. Watoto hukutana na skii shuleni. Siku ya skii inatangazwa, na mzazi aliyefika mwaka jana anadhani lazima anunue seti nzima. Hapana. Kuna mtandao wa vituo unaoitwa BUA, unaoazima skii, viatu na fimbo kwa siku kadhaa bila malipo, kwa watoto na kwa wazazi vilevile. Pia kila vuli vilabu vya michezo na shule huandaa masoko ya mitumba, maana mguu wa mtoto haungoji skii yake ichakae, na jozi iliyovaliwa msimu mmoja huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Mama anayekwenda na mwanawe kituoni, akaazima jozi yake pia, hatangoja kwenye gari wakati wengine wako njiani.

Nimeulizwa kuhusu Finse mara nyingi, kwa sababu picha zake ni za kuvutia. Ni stesheni iliyo juu kuliko zote za reli ya Norway, mita 1,222, kwenye njia ya Oslo kwenda Bergen iliyofunguliwa 1909. Hakuna barabara ya gari ya kufika hapo. Unashuka kwenye treni, mlango unafungwa, na mbele yako ni uwanda mtupu wa Hardangervidda na barafu ya Hardangerjøkulen; mwaka 1979 walikuja kupigia hapo filamu ya Star Wars walipohitaji sayari isiyo na kitu. Hakuna mti wa kukata upepo. Mwenye uzoefu atapapenda kuliko mahali pote nilipotaja humu. Wewe nenda Sjusjøen kwanza, na Finse uiweke mwaka wa pili, ukiwa na mtu anayejua kusoma dira.